Jinsi Nilivyoyafuatilia Maji ya Mvua Ndani ya Gari Langu la Zamani

Gari langu lina umri wa zaidi ya miaka 20, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba harufu ya ukungu iliyonipokea kila nilipofungua mlango asubuhi ilikuwa sehemu ya uzee wake. Vioo vilijaa mvuke kwa ndani hata siku ambazo mvua haikunyesha, nami nikawa navifuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. Siku moja niliacha mfuko wa karatasi sakafuni, upande wa abiria, na nilipouinua jioni ukachanikia mkononi kwa kulowa. Ndipo nilipobonyeza kapeti kwa kiganja, maji yakapanda katikati ya vidole.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la pupa. Kwa kuwa maji yalionekana chini ya dashibodi, niliamua bila kuchunguza kwamba yalikuwa yakipenya kwenye kioo cha mbele, nikanunua silikoni na kuipaka kuzunguka raba yote ya kioo. Mvua iliyofuata ililowesha kapeti vilevile. Zaidi ya hayo, silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki inapokauka, hutoa asidi inayoweza kuanzisha kutu mahali ambapo bati limekwaruzika, na mabaki yake huzuia rangi na gundi nyingine kushika. Kuibandua kulinichukua muda mrefu kuliko kuipaka, na mpaka leo sioni kazi niliyowahi kuifanya kwenye gari hilo iliyokuwa ya kipuuzi kuliko hiyo.

Nilipoanza upya, nilijiuliza kwanza kama maji hayo yalikuwa ya mvua kweli. Sakafu ya upande wa abiria inaweza kuloweshwa na kiyoyozi, ambacho hutoa maji kila kinapofanya kazi na kuyatiririsha chini ya gari kupitia kimrija kinachoweza kuziba. Inaweza pia kuloweshwa na maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita, ambayo huteleza vidoleni, hunukia utamuutamu na huacha utando wa mafuta kwenye kioo. Nilikandamiza karatasi nyeupe ya kujifutia juu ya kapeti, nikaona maji hayana rangi wala utelezi. Kisha nikaendesha gari kwa siku kadhaa za jua huku kiyoyozi kikifanya kazi, na unyevu haukuongezeka. Mvua, basi, ndiyo iliyobaki.

Kuyafuata maji kukiwa na kapeti ni kazi bure. Nilitenganisha waya wa hasi wa betri na kusubiri kwa muda kabla ya kugusa viti, kwa sababu chini yake hupita nyaya za mikanda na mifuko ya hewa, kisha nikafungua boliti za viti, nikang'oa plastiki za kizingiti cha mlango na kulikunja kapeti. Chini yake kulikuwa na sponji nene iliyokuwa imehifadhi maji ambayo huenda yaliingia miezi mingi nyuma. Kapeti lenyewe hukauka juu kwa siku moja na kukudanganya kwamba mambo ni shwari, ilhali sponji inaendelea kulilea bati katika unyevu. Niliitoa yote, nikaianika, nikakausha sakafu kwa vitambaa na kunyunyiza unga wa chaki kwenye mabati yote yaliyokuwa wazi, ili tone lolote likipita liache njia yake.

Jaribio lenyewe linahitaji watu wawili. Mdogo wangu aliingia ndani na tochi, akajikunja chini ya dashibodi, nami nikabaki nje na mpira wa maji usio na kichwa cha kurushia, maji yakitiririka polepole kama mvua ya kawaida. Maji ya kasi hupenya hata mahali pasipovuja na kukupotosha. Nilianza chini na kupanda juu, nikikaa mahali pamoja kwa dakika zipatazo 10 kabla ya kusogea, kwa sababu anayeanza kwenye paa huilowesha gari nzima kwa mkupuo mmoja na hawezi tena kujua ni upenyo upi uliopitisha. Tulianza na kingo za chini za kioo cha mbele: hakuna kitu. Pembe zake zote mbili: hakuna kitu. Nilipouelekeza mpira kwenye mtaro ulio chini ya waipa, dakika kadhaa zilipita kimya, nikawa karibu kusogea, kisha nikasikia sauti kutoka ndani: "Kaka, simama hapohapo! Yanashukia kwenye feni!"

Nilifungua waipa na kifuniko cha plastiki kilicho chini yake. Majani ya miaka mingi yalikuwa yameoza na kushikamana, yakawa udongo mweusi ulioziba kabisa tundu la kutolea maji la upande huo. Mtaro ule umetengenezwa ili upokee maji yanayoteremka kwenye kioo na kuyamwaga nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiziba, maji hupanda kama kwenye beseni hadi yafike kwenye tundu linalovuta hewa ya kuingia ndani, na kutoka hapo hushukia miguuni mwa abiria. Hivyo kioo nilichokishuku hakikuwa na hatia yoyote. Nilichota uchafu kwa mkono, nikapitisha waya laini kwenye tundu, na sikutumia upepo wa kompresa kwa hofu ya kuchomoa mrija wa mpira mahali ambapo mkono haufiki. Magari yenye dirisha la paa yana mirija ya namna hiyohiyo kwenye pembe za dirisha hilo. Langu halina, na katika jambo hili nashukuru.

Ningeishia hapo, kama mdogo wangu asingetaka tujaribu na mlango. Maji yalitokea chini ya paneli ya mlango, yakapita juu ya kizingiti na kuingia sakafuni. Nilidhani raba ya mlango imechoka, lakini chaki kwenye raba ilikuwa kavu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ndani ya mlango huingia maji kila mvua inaponyesha, hata kwenye gari jipya, kupitia ufa ambamo kioo hupanda na kushuka. Hutoka kwa vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango, na kinachoyazuia yasiingie kwa abiria ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli. Ya kwangu ilikuwa imechanwa na mtu aliyefunga spika zamani, na gundi yake ilikuwa imekauka. Nilikata nailoni nzito kwa kufuata umbo la ile ya zamani, nikaibandika kwa gundi ya butili ya ukanda, ambayo haikauki wala kuwa ngumu, na nikahakikisha ukingo wake wa chini umechomekwa ndani ya mlango, ili matone yarudi kwenye vitundu badala ya kumwagika nje ya bati. Vitundu vyenyewe nilivizibua kwa bisibisi nyembamba.

Buti lilinisumbua zaidi, kwa kuwa shimo la tairi ya akiba lilijaa maji wakati mpira wa maji haukuonyesha chochote. Hapo nilitumia hila nyingine: nilifunga milango na vioo vyote, nikawasha feni ya ndani kwa kasi ya mwisho ikivuta hewa ya nje, nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya nyuma. Vipovu vilitokea kwenye pembe ya taa ya nyuma ya kushoto. Vilitokea pia karibu na bampa, lakini huko kuna matundu ya kutolea hewa yenye vifuniko vya mpira, na hewa kupita hapo si kasoro. Nilipoitoa taa, sponji yake ilikuwa imebapa kama karatasi. Niliweka mpya, nikakaza nati kidogokidogo kwa zamu, kwani nyumba ya taa ni ya plastiki na hupasuka ukikaza upande mmoja kwa nguvu.

Kutu iliyokuwa sakafuni niliikwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati likang'aa, nikapaka praima, yaani rangi ya msingi, na tabaka mbili za rangi juu yake. Bahati njema haikuwa imetoboa.

Sikurudisha kapeti mara moja. Nilitandaza magazeti kwenye sakafu tupu na kuendesha gari hivyo kwa majuma mawili ya mvua, nikiyakagua kila jioni. Gazeti moja lililowa pembeni, doa la ukubwa wa sarafu, nami nikalifuata hadi kwenye kizibo cha mpira kinachopitisha nyaya kutoka upande wa injini. Kilikuwa kimechomoka nusu, nikakirudisha mahali pake kwa kidole. Baada ya hapo magazeti yalibaki makavu, kapeti likarudi na sponji yake iliyokauka. Gazeti la kwenye buti bado liko chini ya tairi ya akiba, na huliinua baada ya kila mvua kubwa.