Maumivu ya misuli baada ya kushuka milima ya Bukavu

Jumamosi iliyopita nilimsaidia dada yangu kuhama kutoka Kadutu kwenda Ibanda, hapa hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa kuwa nyumba aliyoiacha iko mahali ambapo gari haliwezi kufika, tulibeba magunia, viti na masufuria kichwani na mabegani, tukishuka hadi barabarani na kupanda tena tangu asubuhi mpaka jua lilipokaribia kuzama. Usiku ule nililala vizuri. Kesho yake mapaja yalianza kukaza, na Jumatatu sikuweza kushuka ngazi za nyumbani bila kushika ukuta.

Wengi wetu hapa Bukavu tunaamini kwamba kupanda ndiko kunakoumiza, maana ndiko kunakotutoa jasho na kutukata pumzi. Kumbe unaposhuka, msuli wa paja hufanya kazi ya breki: huvutwa na kurefuka huku umekaza ili mwili usiporomoke, na hapo ndipo nyuzi zake hupata michubuko midogo sana. Maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe.

Mama alinikanda kama alivyotukanda tangu utotoni. Alichemsha maji na majani ya mkaratusi, akayaacha yapoe mpaka mkono uweze kuyavumilia, akaloweka kipande cha kitenge cha zamani, akakikamua na kukilaza juu ya paja kwa muda wa dakika 15 hadi 20, akikirudisha majini kila kilipopoa. Harufu ya mkaratusi hunituliza, ingawa naamini kazi kubwa ni ya joto lenyewe, ambalo hulegeza msuli. Kisha alinipaka mafuta na kunisugua polepole. Tafadhali, usimruhusu mtu akukandamize kwa nguvu zake zote akidai kwamba lazima uumie ndipo upone. Msuli uliochubuka hauhitaji kuchubuliwa tena.

Kulala kutwa nzima hakusaidii. Nilitembea taratibu mahali tambarare, na kila nilipotembea kukaza kwa mapaja kulipungua.

Kuhusu tangawizi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba gramu 2 kila siku kwa siku 11 zilipunguza maumivu ya aina hii kwa takriban robo. Kwa hiyo kikombe kimoja cha chai ya tangawizi jioni ya kazi hakitoshi. Anza siku kadhaa kabla, ukijua kwamba kazi nzito inakuja.

Ikiwa maumivu yalikushika papo hapo na kiungo kikavimba, huenda umeteguka: tumia maji baridi kwanza, si ya moto. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito, au mguu mmoja tu ukivimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mwili wote ukiuma pamoja na homa, usijikande nyumbani ukingojea nafuu, kapime malaria.