Tulipoacha kuomba wakati wa mbalamwezi

LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, iliisha katikati ya matangazo ya vifo. Nilikuwa nimeshasoma jina la marehemu, kijiji chake na majina ya watoto wake walio mbali, nimefika kwenye maneno "mazishi yatafanyika", studio nzima ikazima. Kwenye droo ya ofisi kulikuwa na shilingi 6,000. Tuliporudi hewani ilikuwa jioni, watu wameshatoka makaburini.

Kesho yake alikuja kijana mmoja kwa pikipiki, kutoka kijiji cha nyuma ya kilima. Akavua kofia mlangoni, akasalimia, akasema: "Dada, yule mzee ni mjomba wangu. Jina nililisikia, saa sikuisikia. Nimefika wameshafukia." Hakugomba. Alitaka tu tujue.

Ilikuwa Machi 2023. Redio yetu ni ya jamii, ipo kando ya Ziwa Victoria, leseni yake ni ya wilaya, mtambo wake wati 500. Mimi nilikuwa msimamizi wa vipindi. Ilianzishwa na mradi wa miaka mitatu uliolipa kila kitu, kuanzia mishahara ya watu wanne hadi chai ya wanaojitolea. Neno "uendelevu" lilikuwa kwenye kila ripoti tuliyomwandikia mfadhili. Mradi ulipofunga hesabu zake, tukabaki na mtambo mzuri, watangazaji wanaoipenda kazi, na bili.

Umeme ndio uliokuwa unatumaliza. Wengi hudhani mtambo wa wati 500 unakula wati 500. Unakula zaidi ya hapo, maana sehemu ya umeme inaishia kuwa joto, halafu joto lenyewe linahitaji feni na kiyoyozi. Ukijumlisha na studio, kwa saa 18 za matangazo kila siku, tulikuwa tunanunua umeme wa kati ya laki mbili na nusu na laki tatu kwa mwezi. Tukashusha nguvu hadi wati 150 na kupunguza saa. Bili ikashuka, lakini visiwa vikatupoteza. Wavuvi waliokuwa wanatusikiliza kwenye redio ndogo za betri wakawa wanapata mkwaruzo.

Basi tukaomba. Wiki mbili mfululizo, kila baada ya saa moja, tulitangaza namba ya kuchangia: "Redio hii ni yako, ichangie." Tukapata shilingi 61,500. Wenzangu wawili walilia siku tuliyohesabu. Mmoja akasema watu wa huku hawana moyo wa kutoa, nami kwa muda nikaamini hivyo.

Nilikwenda mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, siku chache baadaye, nikiwa na kinasa sauti, kutafuta habari ya bei za samaki. Kulikuwa kimya. Mitumbwi imepandishwa mchangani, wanaume wanashona nyavu, chanja za kuanikia dagaa ziko tupu. Nikamkuta mama mmoja ambaye akina mama wa pale humpa heshima ya uongozi ingawa hana cheo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayetuomba hela redioni?"

Nikasema ndiye.

"Sasa mwanangu, mnatuombaje mbalamwezi?"

Nimezaliwa wilaya hiihii, lakini baba yangu alikuwa mwalimu, na maisha ya mwaloni niliyajua kwa kuyaona kwa mbali. Yule mama akanieleza kama unavyomweleza mtoto, bila kunidharau. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huwavuta dagaa pale tu usiku unapokuwa giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za kazi na siku za kukaa. Wakati wa giza hela ipo: ya mvuvi, ya mwanikaji, ya muuza chapati, ya bodaboda. Mbalamwezi ikiingia, watu wanaishi kwa daftari la dukani. Wiki zetu mbili za kuomba ziliangukia hapohapo.

Halafu akaniambia jambo la pili, na hili ndilo lililobadilisha redio yetu. "Asubuhi mnatupigia muziki. Muziki ni mzuri, sikatai. Lakini saa hiyo mimi nimemwaga dagaa mchangani na naangalia mawingu. Mvua ikinikuta, dagaa wale wanakuwa chakula cha kuku. Nikiuza kama chakula cha kuku, ada ya mtoto imekwenda. Mngekuwa mnaniambia mvua, ningewapa hela bila kuombwa."

Nilirudi ofisini nikachukua ratiba ya vipindi nikaiweka mezani. Kwa saa zote za matangazo ya siku, nilikuta dakika ishirini tu ambazo mama yule angeweza kuzitumia kwa jambo lolote, nazo zilikuwa saa nne usiku. Ratiba ile ilikuwa na vipindi vya mradi, vimeandikwa vizuri, vyenye mada ambazo mfadhili alizitaka, na katikati yake muziki. Hatukuwahi kukaa na mtu wa mwaloni tukamuuliza asubuhi yake inakwendaje.

Tukaanza na asubuhi. Saa 12:15 tukaweka utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ziwa: upepo, mawimbi, mvua. Tuliusoma polepole, mara mbili, kwa maneno ya watu. Ukisema "upepo wa kilomita 30 kwa saa", wengi haiwafiki, kwa hiyo tulikubaliana na wavuvi wazee maelezo yao wenyewe: upepo unaomwaga maji ndani ya mtumbwi, upepo unaotaka watu wawili kwenye kasia. Saa 12:30 tukawa tunampigia simu mtu aliyeko mwalo wa Kirumba, Mwanza, anatupa bei ya dagaa ya asubuhi ileile. Wiki ya kwanza dalali mmoja alinipigia akiwa amechukia, akasema tunamharibia biashara. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikajua kipindi kimefika.

Mvua ilipotabiriwa kwa mara ya kwanza na ikaja kweli, mchana wake akina mama watatu walipanda hadi studio. Walileta shilingi 15,000 zimefungwa kwenye kona ya khanga na dagaa kwenye mfuko. Hatukuwa tumeomba chochote siku hiyo.

Kuhusu vikundi vya wasikilizaji, wazo lilitoka kwa mzee mmoja wa kata ya jirani. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, na anaieleza kama mambo ya juzi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Redio Tanzania zilifikisha kampeni ile kwa watu wapatao milioni mbili nchi nzima: kikundi kinakaa chini ya mti na redio moja, kinasikiliza kipindi, kinasoma kitabu, kinajadili malaria au kichocho, kisha kinakwenda kuchimba choo. "Hatukuwa tunasikiliza tu," aliniambia. "Redio ikizimwa, jembe linachukuliwa."

Tukaunda vikundi 11, kimoja kwa kila kijiji kilichokuwa tayari. Kila kikundi kilipewa nusu saa kwa wiki. Wao ndio wanaochagua mada, mtangazaji anakwenda na kinasa sauti, anarekodi, anahariri. Kijiji kimoja kilizungumzia ng'ombe wanaoingia mashambani, wiki tatu mfululizo, mpaka wafugaji na wakulima wakakaa meza moja ndani ya studio yetu. Kingine kilitaka kujua mizani ya pamba inakaguliwaje. Kipindi kile kilivuta simu kuliko muziki wowote tuliowahi kupiga.

Hapo ndipo tulipoanza tena kuomba, na safari hii kwa kalenda. Tulibandika karatasi ukutani, tukaweka alama siku za giza kwa kijani. Vijiji vya ziwani tunavizungumzia michango siku hizo tu. Vijiji vya ndani vinavyolima pamba hatuvigusi mpaka msimu wa kununua ufunguke na watu walipwe. Miezi ya njaa hatuombi hela kabisa. Miezi hiyo mtu akitaka kusaidia, anakuja kufagia, anakata nyasi kuzunguka mlingoti, au analala zamu ya ulinzi. Yote tunayaandika kwenye daftari moja na kuyasoma hewani kwa jina, kama tunavyosoma mchango wa fedha. Kuna mlinzi wa kujitolea ambaye jina lake limesomwa mara nyingi kuliko la mfanyabiashara yeyote wa mjini, na ndivyo inavyostahili.

Kadi za salamu zilirudi pia. Vijana walinipinga, wakasema salamu siku hizi zinatumwa kwa simu. Nikachapa kadi 200 kwa majaribio, shilingi 500 kila moja, zikawekwa kwenye maduka na kwa mama ntilie. Ziliisha ndani ya siku tisa. Kuandika jina la shemeji yako kwa mkono wako, ukasubiri Jumapili mchana ulisikie likitajwa, ni jambo ambalo ujumbe wa simu haujalifikia. Mwenye duka anabaki na 100, sisi 400, na mara nyingi hela hiyo ndiyo inayonunua umeme wa wiki.

Jambo moja nililisimamia kwa ukali: hesabu. Namba ya malipo ni ya redio, si ya mtu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mweka hazina anakaa mbele ya maiki na daftari na stakabadhi: zimeingia kiasi hiki, umeme umenunuliwa uniti kadhaa, mafuta ya jenereta lita kadhaa, zimebaki hizi. Stakabadhi ya LUKU inabandikwa ubaoni nje ya ofisi, tarakimu zake zote 20, na watu hupita kuitazama. Mwezi mmoja hesabu ilipungua 12,000. Tukalisema hewani kabla hatujajua zimekwenda wapi, na siku mbili baadaye ikaonekana stakabadhi ya betri za kinasa sauti haikuandikwa. Mchango wa mwezi uliofuata haukushuka.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba ukiwa unakaribia. Mheshimiwa mmoja alituma mtu na ahadi ya shilingi milioni tatu, zote kwa mkupuo. Alitaka kipindi cha saa moja kila wiki, na jina lake litajwe kila asubuhi kabla ya hali ya hewa. Kamati ya redio ilikaa hadi usiku. Sitasema ilikuwa rahisi. Milioni tatu ni umeme wa karibu mwaka mzima, na wapo waliokuwa tayari kupokea. Yule mama wa mwaloni, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe, aliuliza swali moja tu: "Akisema mvua haitanyesha, mtasoma?" Tukamjibu mheshimiwa kwa barua ya heshima kwamba muda wa matangazo ya kampeni una bei yake, ni ileile kwa kila mgombea, na utabiri wa hali ya hewa hauna mdhamini.

Vijiji vya nyuma ya kilima, vilivyokuwa vinatupata kwa shida, bado vilikuwa vinaniuma. Nilidhani dawa ni kuongeza wati. Fundi akanikatalia: "Dada, wati siyo shida, shida ni kilima. Mawimbi ya FM yanakwenda kama macho, yakikuta mlima yanaishia hapo. Ukitoka wati 500 ukaenda 1,000, umeongeza desibeli tatu tu na bili imepanda mara mbili. Peleka antena juu, utaona hata wati 250 zinatosha."

Tukaiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kuomba kuhamisha mtambo, na jibu lilipokuja tukawaambia wasikilizaji kila kitu, pamoja na gharama. Shule ya msingi iliyoko karibu na kilele ilikubali tuvute umeme kwao kwa mita yetu. Chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kilipitisha mchango kwenye mkutano wake. Bodaboda walibeba mifuko 14 ya saruji hadi pale njia inapoishia, na kuanzia hapo ilikuwa mabega. Akina mama walipandisha maji kwa madumu ya lita 20 kichwani. Niliwaona wa mwaloni na wa mashambani kwenye mstari mmoja, watu ambao kwa kawaida hukutana sokoni tu. Ilikuwa mbalamwezi. Wavuvi walikuwa na nafasi, na tarehe ile tuliichagua kwa sababu hiyo.

Siku tulipowasha, nilisoma matangazo ya vifo mwenyewe. Nilipomaliza, simu ya studio ikaita kutoka kisiwani: "Mnasikika, ila mnakoroma kidogo." Fundi akapanda tena kuikaza antena. Halafu ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa yule kijana wa pikipiki. Alisema tu kwamba amesikia, saa na mahali.

Vijiji viwili vya bondeni bado hatuvifikii, na moduli moja ya mtambo inapata moto kuliko inavyotakiwa. Fundi ametupa bei, karatasi iko ubaoni pamoja na stakabadhi ya LUKU. Giza linaanza Alhamisi.