Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Muuza Kahawa kwa Dakika Tano

Wiki ya kwanza

Zoezi tulilopewa darasani ni fupi kulieleza na refu kulifanya: kila mwanafunzi atengeneze filamu ya makala isiyozidi dakika tano, airekodi kwa kifaa chochote alicho nacho na aihariri kwa programu atakayoichagua mwenyewe, mradi aandike kumbukumbu ya kazi yake kila wiki. Nimemchagua mzee muuza kahawa anayepita mitaani kwetu Magomeni, Dar es Salaam, dele mkono mmoja na vifinjani mkono wa pili, ambaye majirani humtambua kwa mlio wa vifinjani vyake kabla hajaonekana. Kwa upande wa programu nimechukua DaVinci Resolve, na sababu sina haja ya kuipamba: toleo lake la bure linatosha kazi yangu, nami sina fedha ya kulipia programu kila mwezi.

Asili ya programu hii ni mitambo ya kurekebisha rangi za filamu, ambayo kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliichukua mwaka 2009. Chini ya skrini ina kurasa kadhaa, kuanzia ule wa kuingizia faili hadi ule wa kutolea video iliyokamilika. Nakiri kwamba siku tatu za mwanzo nilizimalizia kwenye ukurasa wa rangi, nikizungusha magurudumu yake kama mtoto aliyepewa redio, ilhali sijakata hata klipu moja, yaani kipande kimoja cha video.

Wiki ya pili

Nimerudi kutoka kumrekodi mzee kwa simu nikiwa na klipu 52 zenye jumla ya dakika 41, zote za 4K, yaani za picha kubwa na nzito, kwa sababu simu iliniruhusu na mimi sikujiuliza kompyuta itasema nini. Kompyuta mpakato yangu ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, wakati watengenezaji wa programu wanapendekeza GB 16. Kila nilipocheza klipu, picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena, huku sauti ikiendelea na safari yake bila kumsubiri mtu.

Mwenzangu wa darasani ndiye aliyenionyesha proksi. Programu hutengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, mhariri hukata akitazama nakala hizo, na wakati wa kutoa video programu hurejea yenyewe kwenye faili halisi. Nilichagua nakala za robo ya ukubwa, nikaiacha mashine ikivuma usiku kucha, na kwa bahati umeme haukukatika. Asubuhi klipu zilikuwa zikiteleza.

Wiki ya tatu

Wiki hii ni ya vifinjani, na ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Sauti niliirekodi kando, kwa simu ya pili iliyokuwa ndani ya mfuko wa kanzu ya mzee, na kazi yangu ilikuwa kuioanisha na picha. Mwanzo ilikuwa rahisi mno. Vifinjani viwili vinapogongana huacha kwenye mchoro wa sauti mwiba mrefu na mwembamba usioweza kukupotea, hivyo niliuweka mwiba wa kwanza chini ya fremu ileile, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ambayo vifinjani vinagusana, nikaridhika. Lakini klipu hiyohiyo ilipofika dakika ya nne, mkono wa mzee ulikuwa umeshagonga na kuachia, ndipo mlio ukaja, umechelewa kama nusu sekunde. Nilichukua wembe, ambao kwenye programu ni herufi B, nikakata sauti na kuisogeza. Pakakaa sawa pale nilipokata, pakaharibika mbele yake. Nilikata na kusogeza jioni mbili nzima, nikidhani ni mkono wangu usio na ustadi.

Tatizo halikuwa mkononi. Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu kila sekunde. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, nazo hupunguza fremu, kisha huziongeza tena hali ikitengemaa. Programu ya kuhariri inatarajia mwendo usiobadilika, kwa hiyo ikipewa video inayoyumba huifuata vibaya na kuachana na sauti kidogo kidogo, kama watu wawili wanaotembea pamoja mmoja akiwa na hatua fupi. Dawa yake nimeipata kwenye programu nyingine ya bure iitwayo HandBrake, ambayo huiandika klipu upya kwa idadi moja ya fremu. Ubora hupungua kidogo, ingawa kwenye skrini ya darasa letu sidhani kama kuna atakayegundua.

Nilipozirudisha klipu zikiwa fremu 30 kwa sekunde, nikakuta mradi wenyewe umewekwa 24, ambayo ndiyo programu hujiwekea usipoiambia vinginevyo, na kipengele hicho hufungwa mara tu klipu zinapokuwa zimeingia. Ilinibidi nifungue mradi mpya, niweke 30 kabla ya kugusa kitu kingine, na kuzitengeneza proksi zote upya. Nilipocheza dakika ile ya nne, kifinjani kiligonga, mlio ukatoka papo hapo. Nimeirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Wiki ya nne

Nilihamishia folda ya klipu kwenye diski ya nje ili kupata nafasi, na nilipofungua mradi kila kitu kilikuwa chekundu. Nilikaribia kulia kabla ya kusoma maelezo. Kumbe programu haihifadhi video ndani yake. Inahifadhi anwani ya kila faili na orodha ya maamuzi yangu ya kukata. Kuionyesha anwani mpya kulichukua dakika tano.

Kazi nyingine ya wiki ilikuwa klipu za jikoni, mahali mzee anapopikia kahawa alfajiri chini ya taa ya tyubu. Zilikuwa na mistari ya kiza inayopanda na kushuka ukutani, na hakuna gurudumu la rangi lililoiondoa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa ya aina hiyo hupepesa mara mbili kwa kila wimbi, hivyo mara 100 kwa sekunde, na shata ya simu, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ilikuwa kwenye kipimo kisichoafikiana nayo. Nilimwamkia mzee, nikamwomba nirudi, naye akaniambia nifike saa kumi na moja na nisimcheleweshe. Safari hii nilifunga shata kwenye 1/100 ya sekunde, na ukuta ukatulia.

Wiki ya tano

Filamu sasa inaanza na kiza cha uchochoro, mlio wa vifinjani ukitangulia, na mzee anatokea baadaye, jinsi sisi wa mtaani tunavyompokea kila siku. Ukishikilia Alt na kuvuta ukingo wa sauti peke yake, sauti huingia chini ya picha iliyotangulia. Ni hila ndogo, lakini ndiyo sehemu ya filamu ninayoipenda kuliko zote.

Jana jioni nilimwonyesha mzee barazani. Alitazama kimya hadi dakika ya tatu, akaniambia nirudishe nyuma.

"Mwanangu, hapa umeniaibisha. Namimina kahawa, halafu ndiyo nasuuza kifinjani. Nani atakunywa kwangu?"

Nilikuwa nimeiweka klipu ya kusuuza mwishoni kwa sababu maji ya ndoo yalipata mwanga mzuri wa asubuhi. Nilimweleza kwamba watazamaji wengi hawatalitambua jambo hilo.

"Wateja wangu watalitambua," akasema, akanirudishia simu.

Kubadilishana nafasi kwa klipu mbili ni kazi ya sekunde chache, isipokuwa sauti ya chini yake ilikuwa moja isiyokatika, ikabidi niipasue na kuufunika mshono kwa kelele za bajaji niliyoirekodi siku ya kwanza bila kukusudia. Nimeitoa upya usiku wa leo ikiwa na dakika 4 na sekunde 52. Kifinjani kinasuuzwa kwanza, kahawa inafuata.