Mizani ya korosho na programu isiyopaswa kuiona

Ndugu zangu wa Linux huku Kusini, hili nimelifurahia mno. Kompyuta ya ghala ninayoihudumia hapa Mtwara imeunganishwa na mizani ya korosho kwa waya wa USB. Ndani ya Linux mizani hiyo ni faili: /dev/ttyUSB0. Programu yoyote yenye ruhusa ya faili hilo inaweza kusoma uzito, au kuuvuruga kwa kutuma amri zake. Pale pana jasho la mkulima, sikubali kubahatisha.

Nimetumia nemspesi ya maunti (mount namespace). Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaipa programu mtazamo wake yenyewe wa mafaili. Linux inayo tangu toleo la 2.4.19, mwaka 2002, na Bell Labs walishalifanyia kazi wazo hilo kwenye mfumo wao wa Plan 9. Programu inayotuma ripoti mtandaoni nimeiwekea PrivateDevices=yes kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Sasa /dev yake, yaani folda ya mafaili ya vifaa, ina vitu kama null, zero na random, basi. Nilipoiambia ifungue mizani ikajibiwa faili halipo! Tena inanyang'anywa uwezo wa mknod, yaani kuunda faili la kifaa, maana bila hivyo programu ya root (mwenye mamlaka yote) ingejiundia faili jipya la kifaa kilekile.

Programu ya mizani yenyewe nimeibana kwa DevicePolicy=closed na DeviceAllow ya kifaa kimoja tu. Hiyo ni kazi ya cgroup, njia ya kerneli ya kuyapa makundi ya programu mipaka; msiichanganye na nemspesi. Wenzangu wa Masasi na Lindi, anzeni na programu zinazogusa intaneti kabla msimu haujafunguliwa.