Nilivyojifunza kupiga mabamba ya chuma kwa kasi

Mabamba matano meupe ya chuma yamesimamishwa mbele yako, mengine karibu, mengine mbali. Kipima muda kinalia, unayapiga yote, na la mwisho, lenye nguzo ya rangi tofauti, ndilo linalosimamisha saa. Unarudia mara tano. Muda mbaya kuliko yote unatupwa, minne iliyobaki inajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Huo ndio mchezo wa Steel Challenge, ulioanzishwa California mwaka 1981 na Mike Dalton na Mike Fichman, na ambao tangu 2007 unasimamiwa na USPSA, chama cha Marekani cha upigaji shabaha wa vitendo.

Nilichokipenda ni kwamba vituo vyake rasmi vinane, kila kimoja na jina lake, havibadiliki. Smoke & Hope ya klabu yetu hapa Minnesota ina mabamba yale yale na umbali ule ule wa Smoke & Hope ya Florida: manne makubwa ya mstatili yenye inchi 18 kwa 24, mawili yadi 7 na mawili yadi 9, kisha bamba la kusimamisha saa, la duara, inchi 12, yadi 14. Kwa hiyo mtu anaweza kujipima na bingwa wa dunia bila kutoka mkoani kwake. Madaraja yanatokana na hapo hapo: muda wako bora unalinganishwa na muda wa kilele uliowekwa. Chini ya asilimia 40 uko D, kuanzia 40 ni C, 60 ni B, 75 ni A, 85 ni Master, na 95 ni Grand Master.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nesi kwa kazi, na nilianzia D. Sasa niko B katika kundi la Rimfire Pistol Open, yaani bastola za risasi ndogo za .22 zenye kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu. Dada zangu wa hapa wananiuliza nimefikaje, na baadhi yao wanataka kuanza. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kabla ya kufikiria bastola, angalia karatasi zako za uhamiaji. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Hili si jambo la kuuliza shoga yako. Muulize mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu kosa lake linaweza kukufukuzisha nchini. Hapa Minnesota unahitaji pia kibali cha kununua bastola, kinachotolewa bila malipo na polisi wa mji wako au sherifu, na njiani kwenda uwanjani bastola iwe haina risasi, ndani ya mkoba uliofungwa.

Kuhusu vifaa, anza na .22. Risasi zake ni rahisi, mtikisiko ni mdogo, na katika kundi hili huchomoi bastola kiunoni: unaanza umeishika kwa mikono miwili, mtutu umeelekezwa kwenye alama iliyowekwa chini mbele yako. Hatari kubwa kuliko zote kwa mgeni, ile ya kuchomoa kwa haraka, inaondoka. Mimi natumia Ruger Mark IV kwa sababu inafunguka kwa kitufe kimoja wakati wa kusafisha, na bastola za .22 huchafuka upesi. Smith & Wesson SW22 Victory nayo wanaisifu wengi kwenye kundi letu. Nunua magazini tano mwanzoni, kila moja uijaze risasi kumi, ili usihangaike kujaza katikati ya kituo. Vituo vyote vinane vinakula risasi zisizopungua 195, kwa sababu Outer Limits peke yake hupigwa mara nne badala ya tano. Chukua mia tatu.

Usibane pesa kwenye risasi. Baruti ya kuwashia ya .22 imo kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na katika risasi za bei ya chini kabisa wakati mwingine haijaenea sawasawa, kwa hiyo pini inagonga na hakuna kinacholipuka. Sekunde zinazopotea hapo ni nyingi kuliko utakazookoa kwa mazoezi ya mwezi mzima. Jaribu aina tatu au nne, uone bastola yako inapenda ipi, kisha baki nayo.

Mimi huvaa hijabu, na hili sikuliona likielezwa popote. Vizibo vya nje vya masikio vikikaa juu ya kitambaa haviungani na ngozi, sauti inapenya pembeni. Suluhisho langu ni vizibo vya sponji ndani ya masikio kwanza, kisha hijabu, kisha vizibo vya elektroniki juu, nikiongeza sauti yake ili nisikie amri na mlio wa chuma. Miwani iwe ya usalama yenye alama ya Z87, na mikono yake iwe myembamba. Kitambaa chenyewe kimenipa faida moja: ganda la moto halina njia ya kuingia shingoni. Wenye kola wazi wafunge kifungo cha juu na wavae kofia yenye ukingo, kwa sababu mtu aliyeunguzwa na ganda huruka na kugeuka, na bastola inageuka naye.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Uwanja wetu ni wa bunduki baridi. Hakuna silaha yenye risasi popote isipokuwa mikononi mwa anayepiga, chini ya macho ya mwamuzi. Bastola za .22 hukaa kwenye mkoba, magazini imetolewa, kijibendera cha plastiki kikiwa ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Huufungui mkoba mpaka uambiwe. Ukitaka kuigusa bastola yako kwa sababu nyingine, kukaza skrubu labda, unakwenda kwenye meza ya usalama, na pale hushiki risasi kabisa, hata moja ya bandia.

Amri ni za Kiingereza na hazibadiliki, zikariri mpaka usizitafsiri kichwani. "Make ready" ni ruhusa ya kutoa bastola, kulenga kidogo na kuweka magazini. "Are you ready?" usipoijibu, mwamuzi anahesabu kwamba uko tayari. "Standby", kisha mlio unakuja kati ya sekunde moja na nne. Ukimaliza utaambiwa utoe magazini na uonyeshe chemba tupu. Fanya hivyo polepole, mwamuzi aone na wewe uone, ndipo uweke kijibendera. Na ukisikia "Stop", simama hapo hapo ulivyo, kidole nje, hata kama hujui kuna nini.

Mtutu hauvuki nyuzi 180, yaani mstari wa kufikirika unaopita mabegani mwako sambamba na tuta la udongo la mbele. Ukivuka, umeondolewa kwa siku hiyo nzima. Risasi ikitoka bila kukusudia, umeondolewa. Bastola ikidondoka, umeondolewa, na usiinamie kuiokota: mwache mwamuzi aichukue, aitoe risasi, akukabidhi. Mkono unaodaka bastola inayoanguka mara nyingi hudaka triga.

Kidole kinatoka kwenye triga kila wakati hulengi bamba, na kinaonekana kimenyooka juu ya fremu. Outer Limits ndicho kituo kinachofundisha hili, maana unapiga mabamba mawili kutoka kisanduku cha pembeni, kisha unakimbilia cha katikati kumalizia. Hatua zile chache, bastola ina risasi na kizuizi chake cha usalama kimefunguliwa. Nilizifanyia mazoezi sebuleni na bastola ya plastiki ya mazoezi, nikitamka "kidole" kila nilipoanza kusogea, hadi kidole kikawa kinatoka chenyewe. Nilipokuwa sina tena haja ya kukifikiria, miguu ikawa huru kukimbia, na muda wangu wa kituo kile ukashuka kuliko wa kingine chochote.

Chuma nacho kina tabia yake. Risasi ikigonga bamba gumu lililo tambarare huvunjika vipande vidogo vinavyosambaa pembeni. Ikigonga bamba lenye mashimo, vipande hurudi kwa mpigaji. Kabla ya shindano tembea uyaangalie mabamba, na ukiona lililobonyea sema. Kila aliyeko uwanjani avae miwani, hata aliyeleta chai. Risasi zenye kiini cha chuma hazitakiwi kabisa. Na nikiongea kama nesi: moshi na vumbi la upigaji vina risasi, ile madini yenye sumu. Usile ukiwa kwenye mstari, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Mjamzito akae mbali na mchezo huu mpaka amalize kunyonyesha.

Kasi yenyewe niliipata kwenye macho. Mabingwa wanamaliza Smoke & Hope chini ya sekunde mbili, na ukiwatazama mikono yao haionekani kuwa na haraka. Mzee mmoja wa klabu yetu, aliyenichukua kama binti yake, alinikataza kutazama nukta nyekundu. "Tazama chuma," akasema, "nukta itakuja yenyewe." Alitaka nichague doa dogo katikati ya bamba, nilikazie macho, na nukta iingie palipo na macho. Mlipuko ukisikika, jicho liwe limeshahamia bamba linalofuata. Ni kama kusoma kwa sauti: jicho liko neno la mbele wakati ulimi bado umo kwenye neno la nyuma. Kwa wiki kadhaa nilifanya hivyo tu, sikugusa triga kwa haraka yoyote, na saa ikaanza kunipa namba nisizozitegemea.

Jambo la pili ni hesabu. Bamba lililokosewa ni adhabu ya sekunde 3. Risasi ya kurudia, kwa mtu wa kiwango changu, ni kama nusu sekunde. Kwa hiyo ukijua umekosa, rudia, lakini kabla ya kupiga bamba la kusimamisha saa, maana likishapigwa hakuna marekebisho. Shida ni kujua. Ukisubiri kusikia mlio wa .22 kwenye chuma cha mbali umeshapoteza muda. Lazima uione nukta ilipokuwa wakati risasi inatoka. Kama ilikuwa ukingoni, rudia papo hapo bila kuuliza sikio. Hili ndilo lililonitoa C, na kwa maoni yangu ni ujuzi mmoja unaomtenga mshindani na mtu anayepoteza risasi kwa starehe.

Mpangilio wa kuyapiga mabamba nimeuamua mara moja kwa kila kituo na siubadilishi. Wenzangu wengine hujaribu mpangilio mpya kila Jumamosi. Kwa mchezo ambao vituo vyake havibadiliki, naona ni kuitupa faida kubwa uliyopewa.

Majira ya baridi theluji inafunga uwanja wetu, na hapo ndipo nilipopanda zaidi. Mwaka 2004 ubingwa wa dunia wa Steel Challenge ulichukuliwa na Tatsuya Sakai kutoka Japani, nchi ambayo raia wa kawaida hapati bastola, na mazoezi yake mengi yalikuwa ya bunduki za kuchezea zinazorusha vitufe vya plastiki. Nilipolijua hilo niliacha kulalamikia bei ya risasi. Nimebandika karatasi nyeupe ukutani kwa vipimo vidogo vinavyolingana na vituo, natumia programu ya kipima muda kwenye simu, dakika kumi na tano baada ya Isha watoto wakilala.

Masharti ya chumba hicho nimeyaandika mlangoni. Risasi zote ziko chumba kingine chini ya kufuli. Naangalia chemba, naingiza kidole, naangalia tena. Ukuta ninaoulenga ni wa zege, chini ya ardhi. Nikimaliza nasema kwa sauti "nimemaliza", bastola inaingia kasikini, na sirudii "mara moja ya mwisho" kwa sababu yoyote. Soma pia kitabu cha bastola yako kabla ya kuifyatua tupu: zipo .22 ambazo pini yake hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Msimu ujao naongeza kundi la Carry Optics, bastola ya 9mm inayochomolewa kutoka kwenye ala kiunoni. Mzee ameniwekea sharti: mpaka majani yachipue, nichomoe tupu tu, bila kipima muda, mkono wa kushoto ukae kifuani hadi mtutu uwe umeshaelekea mbele. Ndicho ninachokifanya usiku huu.