Siku moja maishani mwangu: mimi, binti yangu na V8 inayowashwa kwa mara ya kwanza

Gari ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, na injini ni V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Si SS (Super Sport), toleo lenye nguvu zaidi. Mwaka huo SS ilitoka kiwandani na 396 au 454, kwa hiyo ukioneshwa Chevelle ya 1970 yenye 350 na nembo ya SS, ama injini imebadilishwa ama nembo imebandikwa. Injini yetu imeshafungwa upya na kurudishwa kwenye gari, na leo inawashwa. Kazi yote ya siku inalenga dakika 20 za mwanzo, maana kamshafti hii, mhimili wenye nundu unaofungua valvu, ni ya tapeti bapa, vipande vinavyosukumwa na nundu hizo, na kamshafti za aina hii hupona au hufa ndani ya dakika hizo.

Saa 1 asubuhi. Valvu kwanza. Plagi zote ziko nje ili krenki, mhimili mkuu wa injini, izunguke kwa mkono. Binti anaziba tundu la plagi ya silinda ya kwanza kwa kidole gumba. Hewa ikimsukuma kidole, pistoni inapanda kwenye mgandamizo, nami naisogeza pulei taratibu hadi alama ya sifuri. Hapo zinarekebishwa valvu za eksosi za silinda 1, 3, 4 na 8, na za kuingizia hewa za 1, 2, 5 na 7. Krenki inazungushwa duara moja kamili, kisha zinafuata za eksosi za 2, 5, 6 na 7, na za kuingizia za 3, 4, 6 na 8.

Wengi huharibu hapa. Wanaisokota pushirodi, fimbo inayotoka kwenye tapeti hadi kwenye roka (mkono unaobonyeza valvu), kwa vidole huku wanakaza nati ya roka, na wanaacha pale inapokataa kusokoteka. Tapeti mpya ya haidroliki ina springi laini ndani, na hadi pushirodi ikatae, springi imeshabonyea. Ipime kwa kuipandisha na kuishusha. Mchezo wa juu na chini ukiisha tu, hiyo ndiyo sifuri, na kutoka hapo kaza kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja. Sisi tunakaza robo tatu. Ukipitiliza, tapeti zikishajaa oili valvu hazikai kwenye viti vyake, mgandamizo unashuka, injini inamisi, nawe utahangaika na kabureta isiyo na kosa.

Spana anashika binti peke yake kwa valvu zote 16. Wawili wakihesabu mizunguko ya nati moja, hesabu huwa mbili.

Kabla ya kuondoka hapo, kila pushirodi inawekwa alama ya wino na krenki inazungushwa mara kadhaa. Uso wa tapeti umechongwa ukiwa na tumbo kidogo, na nundu ya kamshafti ina mteremko mdogo, makusudi ili tapeti ijizungushe na isisuguliwe sehemu moja. Alama isiyosogea ina maana tapeti hiyo imebana kwenye tundu lake. Hiyo inafunguliwa leo, hata kama mipango yote ya siku itavurugika.

Saa 3. Oili. Lita 4.7 pamoja na ile iliyojazwa kwenye filta, na ni oili maalumu ya kuzoeshea injini mpya, yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa vitu hivyo kwa sababu vinaharibu vichujio vya moshi vya magari mapya, lakini tapeti bapa inavihitaji.

Distributa, inayogawa cheche kwa plagi, haijaingia bado. Kwenye tundu lake tunashusha kifaa cha kuendeshea pampu ya oili, na drili ya umeme inakizungusha kwa mwelekeo wa saa. Kifaa kiwe na bomba linaloziba nafasi ya mwili wa distributa. Ukitumia fimbo tupu, oili inavuja papo hapo katikati ya njia na haifiki juu ipasavyo. Drili inaanza ikizunguka kwa wepesi, halafu ghafla inakaza na kutaka kukupokonya mkono. Hapo oili imefika, na geji inapanda hadi psi 40 au 60. Binti anazungusha krenki robo kwa robo mimi nikiwa kwenye drili, mpaka oili ichuruzike kwenye roka zote. Za nyuma huchelewa. Subira tu.

Saa 4 na nusu. Distributa. Kwanza, je, alama ya pulei inasema kweli? Pulei ya zamani ina pete ya nje iliyoshikwa na mpira, na mpira ukizeeka pete inateleza. Kizuizi cha pistoni kinafungwa kwenye tundu la plagi ya kwanza, krenki inazungushwa kwa mkono hadi igonge, inawekwa alama, inarudishwa upande wa pili hadi igonge tena, alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo juu halisi ya pistoni. Hatua hii ni ya dakika chache, na anayeiruka huja kuilaumu kabureta mchana kutwa.

Tunaisimamisha krenki digrii 10 kabla ya juu, silinda ya kwanza ikiwa kwenye mgandamizo. Meno ya gia ya distributa yana mshazari, kwa hiyo rota, kipande chake kinachozunguka ndani, hujizungusha kidogo inaposhuka. Anza ukiwa umeirudisha nyuma kidogo, iishie kwenye nguzo ya silinda ya kwanza.

"Baba, haijakaa, imebaki juu kidogo."

Hapo usiguse bolti ya kibano. Ulimi wa distributa haujaingia kwenye mfereji wa fimbo ya pampu, na ukiivuta distributa kwa bolti utavunja kitu. Inatolewa, fimbo inasogezwa kwa bisibisi ndefu, inashushwa tena.

Waya za plagi zinafuata mpangilio 1-8-4-3-6-5-7-2, kwa mwelekeo wa saa. Ya 5 na ya 7 hazifungwi bega kwa bega: silinda hizo zimepakana na zinawaka moja baada ya nyingine, na cheche inaweza kuruka kutoka waya mmoja hadi mwingine. Mwanya wa plagi ni milimita 0.9.

Saa 6 mchana. Maji safi kwenye radieta, bila dawa ya kupozea, maana kama kuna panapovuja ni leo patajulikana. Petroli mpya. Kabureta inajazwa kwa chupa ndogo kupitia kijibomba chake cha hewa, kisha resi inasukumwa kwa mkono: michirizi miwili ya petroli ionekane inashuka kooni. Bila hivyo stata itazunguka muda mrefu kuvuta petroli, na kila mzunguko wa stata unafuta mafuta mazito tuliyopaka kwenye nundu za kamshafti.

Gari linasukumwa nje, moshi usijae gereji. Feni kubwa mbele ya radieta, kizimamoto karibu na mkono, nywele zimefungwa, mikono mirefu imekunjwa. Halafu chakula.

Saa 8. Binti yuko kwenye usukani, mimi kwenye distributa. Mgawanyo huu una sababu. Wa ndani anaona geji tatu na ana mamlaka ya kuzima bila kuuliza: oili isipoonesha shinikizo mara moja, au joto likivuka digrii 105, anageuza ufunguo. Wa nje hasikii kitu zaidi ya injini.

Ikiwaka, inapelekwa hapo hapo mizunguko 2,000 kwa dakika. Isiachwe kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini bila resi, hata kidogo. Nundu za kamshafti hulainishwa na oili inayorushwa na krenki, na mzunguko ukiwa mdogo oili hairuki ya kutosha huku springi za valvu zikikandamiza vilevile. Kwa dakika 20 hadi 30 anapandisha na kushusha kati ya 2,000 na 2,500, ili oili ifike pembe tofauti.

Ikirudisha moto kwenye kabureta na kukataa kabisa, distributa imeingia nusu duara kinyume. Eksosi zikianza kuwa nyekundu, cheche inachelewa, na mimi naizungusha distributa kinyume cha saa kidogo hadi sauti iwe nyepesi. Maji yakivuja, zima, rekebisha, washa tena, endeleza dakika zilizobaki. Bomba la maji linalovuja si sababu ya kuishusha kwenye sailensa ili "tuangalie".

Saa 9. Oili inamwagwa ikiwa ya moto. Filta inakatwa, karatasi yake inakunjuliwa juu ya meza, na binti anapitisha sumaku. Ukungu wa kijivu usio na punje ni mafuta ya kufungia injini, hauna neno. Punje zinazoruka kwenye sumaku ni chuma cha kamshafti au tapeti. Zinazong'aa na kuikataa sumaku zimetoka kwenye beringi. Kwa hali yoyote kati ya hizo mbili za mwisho, hakuna kuwasha tena.

Saa 10 jioni. Oili mpya, filta mpya, kisha taimingi, yaani wakati wa kutoka cheche. Kofia ya distributa ya gari hili ina kidirisha, na pointi, swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, hurekebishwa injini ikiwa inaunguruma. Kazi hiyo ni ya binti. Anaingiza kispana cha pembe sita, anazungusha kwa mwelekeo wa saa hadi injini ianze kumisi, anarudisha nusu mzunguko. Pointi zinafanywa kwanza, taimingi baadaye, kwa kuwa ukigusa pointi taimingi inahama. Mpira wa vakyumu unachomolewa na kuzibwa, taa ya taimingi inamulika pulei: digrii 8 hadi 10 kwenye sailensa, 34 hadi 36 ikifika mizunguko 3,000.

Saa 11. Tochi chini ya gari. Nyuma ya manifoldi ya juu, ile inayobeba kabureta, ndipo oili hupenda kutokea, hasa kwa waliotumia gasketi ya koki badala ya silikoni. Tone la maji chini ya kichwa cha bolti ya silinda hedi lina maana nyuzi hazikupakwa dawa ya kuzibia, maana bolti hizo zinaingia hadi kwenye njia za maji.

Bolti za manifoldi zinakazwa tena kesho injini ikiwa baridi, kwa Nm 41, kuanzia katikati kwenda pembeni. Waya wa betri unachomolewa, na spana ya toki (yenye kipimo cha kukazia) inarudishwa sifuri kabla ya kuingia kwenye boksi lake.