Gereji yetu Arusha ilivyoacha kugombania bei ikaanza kuuza tarehe

Watu wengi wananiuliza tunapataje kazi wakati bei yetu ya ufundi iko juu kuliko gereji nyingi za huku Unga Limited, na jibu lake ni refu kidogo ndo maana nimeona niliandike lote. Kiukweli mafundi wazuri wamejaa Arusha, wengine wana mikono mizuri kuliko ya kwetu, sisi tunachouza ni tarehe. Tukisema gari linatoka Jumatano saa kumi jioni, linatoka Jumatano saa kumi jioni.

Kwa asiyejua biashara ya utalii, hizi Land Cruiser mkonga zilizorefushwa na kuwekewa paa la kunyanyuka zinatoka mjini na wageni zinaenda Tarangire, Manyara, Ngorongoro mpaka Serengeti, lami inaishia geti la Loduare pale juu ya Karatu, kuanzia hapo ni vumbi na mtikisiko mwanzo mwisho. Gari linarudi senta bolti imekatika, bushi zimekwisha, filta ya hewa imejaa vumbi, na msimu ukishapamba moto, Juni mpaka Oktoba, unakuta keshokutwa lina wageni wengine. Lisipotoka gereji kwa wakati mwenye kampuni anakodi gari la mwenzake kwa dola na faida ya ile safari inaishia hapohapo.

Gereji niliachiwa na baba, enzi hizo inapokea kila kitu, Noah, Rav4, Fuso, hata bajaji, na kushindana na majirani ilikuwa ni kushusha bei tu, wao wakishusha na sisi tunashusha. Nikaanza kuwafuata wateja wa magari ya safari mmoja mmoja nawauliza hivi ni kitu gani kinamfanya mtu ahame gereji, nikitegemea kusikia bei. Karibu wote walilalamikia njoo kesho. Kuna dada mmoja ana kampuni ndogo akaniambia, "Mdogo wangu, mi ukiniongezea elfu hamsini sigombani na wewe, lakini ukiniambia kesho afu kesho isifike, wageni wangu wameshatua KIA, nawaambia nini?"

Hiyo kauli ndo ilinifungua. Nilisoma biashara Chuo cha Uhasibu kule Njiro na kuna hoja ya Terry Hill, mwalimu wa Uingereza, kwamba kuna mambo yanayokufanya uangaliwe na mteja na kuna mambo yanayokupa kazi yenyewe, na ni tofauti. Kwa wateja wangu ufundi mzuri, spea zisizo feki na bei inayoeleweka vinakufanya uangaliwe tu, kazi anapewa anayetunza ahadi. Sasa ukishajua hivyo lazima upange kazi nzima ya gereji kuanzia stoo mpaka zamu za mafundi ili ahadi iwezekane, maana kubandika tangazo ukutani la "tunatoa gari kwa wakati" kila mtu anaweza.

Kitu cha kwanza tukaacha magari mengine yote, tukabaki na Land Cruiser za safari. Hapa nilivutana sana na fundi wetu mkubwa, akawa ananiambia dada riziki haifukuzwi mlangoni, na nilimwelewa kabisa kwa sababu ni kweli hela ilikuwa inaondoka mbele ya macho yetu. Nikamsimulia habari ya Southwest, ile kampuni ya ndege ya Texas, mwaka 1972 hela iliwabana wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo, lakini ratiba wakataka ibaki ileile, ikabidi ndege ikitua iondoke tena ndani ya dakika kumi hivi. Na kwa miaka mingi wamejikita kwenye Boeing 737, kwahiyo fundi akijua moja anajua zote na spea ni zilezile. Sisi nasi magari mengi tunayopokea yana injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, haina mambo mengi ya umeme, fundi akishaizoea hata mlio tu unamwambia kitu. Noah zote tunampelekea jirani yetu, na yeye akipata mkonga anatuletea.

Kitu cha pili na mimi naona ndo kikubwa kuliko vyote ni kalenda. Kampuni za utalii zinajua tarehe za safari miezi kabla, mgeni analipia mapema, kwahiyo gari litarudi lini na litaondoka lini inajulikana, ila gereji walikuwa wanaambiwa gari likiwa tayari getini. Nikawaomba wateja wanitumie ratiba zao kwa WhatsApp kila mwezi, tukachora ubao mkubwa ukutani, kila gari na siku yake. Dereva akiwa bado Serengeti anatuma voisi kwamba shokapu ya nyuma kushoto inagonga, na sisi tunaandaa shokapu kabla hajafika Makuyuni. Gari likiingia wanalishambulia mafundi watatu kwa pamoja, mmoja chini, mmoja injini, mmoja anaangalia ndani, paa, mikanda, soketi za kuchajia, friji, redio kol. Zamani fundi mmoja alikuwa anamaliza gari zima peke yake huku mengine yamepanga foleni.

Spea nazo zilikuwa zinatuua, unafungua gari unakuta bushi hamna, kijana anatumwa dukani na anarudi na saizi siyo. Toyota walikuwa na mtu wao aliitwa Taiichi Ohno, aliangalia supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu pale tu mteja anapochukua bidhaa, akauleta mtindo huo kiwandani kwa kutumia kadi. Sisi tukaweka maboksi mawili kwa kila spea inayokwenda sana, la kwanza likiisha kadi yake inatundikwa ubaoni na kesho yake asubuhi inaagizwa, wakati huo tunatumia boksi la pili. Hakuna kompyuta hapo na linafanya kazi vizuri mno.

Afu kuna lile watu hawalikubali kabisa, msimu wa wageni tunaacha nafasi moja bila kuipangia gari. Mtu akipita anaona pako wazi anasema hawa wanapoteza hela. Lakini gari likija na giaboksi imekufa wakati hukutegemea linaingia pale bila kusukuma ahadi za wengine, na bei yetu iko juu kwa sababu hiyo nafasi inalipiwa na wateja wote, nawaeleza wazi na wanaelewa.

Aprili na Mei mvua zikinyesha wageni wanapungua, gereji nyingi zinawaachisha vijana. Sisi kazi nzito zote, kushusha injini, kuchomelea chesisi, rangi, tunazisukumia huko na tunapunguza bei kidogo ili mteja avutiwe kusubiri, kwahiyo mafundi wanalipwa mwaka mzima na hawaondoki na ujuzi wao.

Saa hizi kinachoniumiza kichwa ni kwamba Toyota mwaka 2023 walitoa mkonga mpya yenye injini ya 2.8 na gia otomatiki, hiyo huwezi kuisikiliza kwa sikio, inataka mashine ya kupimia. Wateja wangu wachache wameanza kuiulizia. Sitaki kuchanganya mambo pale gereji, kwahiyo mvua zijazo kijana mmoja ataenda kusomea umeme wa magari na tutamtengea kona yake na stoo yake, za 1HZ zitaendelea upande wao kwa utaratibu uleule.